Kitenzi cha Kilatini "Carpere" na Jamii ya "Kuchuma": Uchunguzi kutoka Songea

Makusudi ya makala haya ni kuchunguza maana za kitenzi kimoja cha Kilatini, "carpere", ambacho asili yake ni kutwaa tunda, ua au jani kwa vidole, na kuzilinganisha na maana za vitenzi vya Kiswahili vifanyavyo kazi hiyo, hasa "kuchuma". Yamkini msomaji atastaajabu kuona jambo hili likitazamwa kutoka Songea, mji ulio mbali na Roma, na mbali vilevile na pwani iliyokilea Kiswahili. Lakini lugha hizo mbili ziliingia Ungoni zote kama wageni, zikakaa pamoja katika nyumba moja kwa muda wa miaka ipatayo sabini. Na mahali wageni wawili wakaapo pamoja ndipo tabia ya kila mmoja inapoonekana wazi.

Kiswahili ndicho kilichotangulia. Misafara ya biashara iliyotoka Kilwa kwenda Ziwa Nyasa ilipita nchi ile katika karne ya 19, na watawala wa Kingoni, ambao baba zao walitoka kusini ya mto Zambezi, walikuwa na wakalimani na wafanyabiashara wasemao lugha ya pwani. Kilatini kilifika mwaka 1898, Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia walipoanzisha misioni ya Peramiho, yapata kilomita 24 magharibi ya Songea. Aliyeongoza kazi hiyo, Padri Cassian Spiss, alikuwa pia mchunguzi wa lugha, na mwaka 1904 maandishi yake juu ya Kingoni na Kisutu yalichapishwa Berlin. Mwaka uliofuata, akiwa askofu wa Dar es Salaam, aliuawa njiani karibu na Liwale katika Vita vya Maji Maji, na Peramiho yenyewe ilichomwa moto. Misioni ilijengwa upya. Mwaka 1931 ikawa abasia yenye mamlaka ya kijimbo chini ya Abate Gallus Steiger, ikawa na seminari, kiwanda cha uchapaji na vitabu vingi. Hivyo ilitokea kwamba vijana wa Kingoni, Kimatengo na Kinyasa, ambao nyumbani walisema lugha za mama zao na shuleni Kiswahili, walikaa darasani wakinyambua vitenzi vya Cicero.

Hali hiyo ilidumu mpaka miaka ya 1960. Tarehe 22 Februari 1962 Papa Yohane wa XXIII alitoa waraka wa kuagiza Kilatini kishikwe kwa nguvu katika seminari zote. Na kabla miaka miwili haijatimia, tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa pili wa Vatikani uliruhusu lugha za wenyeji zitumike katika ibada. Kiswahili kilipanda altareni, na Kilatini kikarudi rafuni. Ulipofika mwaka 1969, Songea ilipofanywa jimbo na James Komba kuwa askofu wake, Kilatini kilikuwa kimekwisha kuwa lugha ya wachache. Basi si vibaya kuuliza sasa: katika miaka ile ya kukaa pamoja, lugha hizi mbili zingeweza kuambiana nini? Kitenzi kimoja kitatutosha kwa mfano.

Tuanze na umbo. "Carpo, carpere, carpsi, carptum" ndiyo mizizi yake kama ifundishwavyo. Wanazuoni wa lugha za Kihindi na Kizungu hukihesabu kuwa ndugu wa neno la Kiyunani "karpos", yaani tunda, na wa neno la Kijerumani "Herbst", ambalo ni majira ya mavuno. Kwa hiyo jina la ubatizo Polikarpo, lijulikanalo sana katika Tanzania, lina ndani yake undugu na kitenzi chetu, maana tafsiri yake ni "mwenye matunda mengi". Kiko na kizazi kingine kilichotufikia kwa njia ndefu zaidi: neno "kapeti" limetoka Kiingereza, Kiingereza kikalipata kwa Wafaransa, nao kwa Kilatini cha zama za kati, "carpita", kitambaa kizito cha sufu zilizochambuliwa, kutoka "carpere". Mtu akanyagaye kapeti Songea leo, pasipo kujua, anakanyaga kitenzi cha Warumi.

Maana ya kwanza ya "carpere" yataka mambo mawili: mkono na kidogo kidogo. Mrumi akikata ngano kwa mundu alisema "metere". Akiokota au kukusanya kitu alisema "legere", neno ambalo baadaye lilipata maana ya kusoma, kwa kuwa msomaji huokota herufi. Aking'oa au kunyakua kwa nguvu alisema "vellere". Lakini akikata kwa vidole tunda moja hapa na jingine pale, alisema "carpere". Tofauti ya mkono na mundu si ndogo. Torati, katika Kumbukumbu 23, yamruhusu mpita njia atwae masuke ya jirani kwa mkono, lakini yamkataza kutia mundu. Maana mkono hutwaa cha njaa, na mundu hutwaa cha ghala. Twaona pia kwamba wafasiri wa Biblia walilipima jambo hili. Katika Mathayo 12, wanafunzi walipoona njaa shambani, Kilatini cha Jeronimo kinatumia "vellere", na Kiswahili cha Biblia ya Muungano ya 1952 kinatumia "kuvunja" kwa masuke. Lakini katika Mathayo 7, penye zabibu na miiba, Kiswahili hichohicho kinatumia "kuchuma". Masuke huvunjwa, zabibu huchumwa: mfasiri alisikia kwamba si kila kitwaliwacho kwa mkono huchumwa.

Hapo twafikia utajiri wa Kiswahili, ambao Kilatini hakina budi kuuonea wivu. Nazi huanguliwa. Embe lililo mbali hupopolewa. Mahindi hugobolewa katika mabua yake, kisha punje zake hupukuchuliwa. Tawi hukwanyuliwa, muhogo hung'olewa, kuku hunyonyolewa, nyama hunyofolewa, pamba huchambuliwa, na majani ya kijiti hupururwa kwa kuvutwa mara moja katika kiganja. Msomaji ataona kwamba karibu vyote hivi huishia kwa "-ua" au "-oa", kiambishi kile cha utengano tukijuacho katika "fungua" na "choma, chomoa". Vingine havina tena umbo la asili lililo hai, lakini mwisho wao bado wasema habari yao: kitu kilichokuwa kimeshikamana kimeachana na mahali pake. Vitenzi hivi hulitazama shina. Vyatuambia jinsi kitu kilivyoondoka, na jeraha iliyobaki ni ya namna gani.

"Kuchuma" hakina kiambishi hicho. Nacho hakisemi kitu kimeachanaje na shina lake, ila kwamba kimeingia mkononi mwa mtu. Kwa maneno mengine, jamii ya "-ua" hulitazama shina, na "chuma" hulitazama kapu. (Wala kisichanganywe na jina "chuma" la madini, ambalo wingi wake, "vyuma", waonyesha kwamba "ch" yake ni ya ngeli, si ya shina.) Tofauti hii ya shina na kapu ndiyo nionayo kuwa ufunguo wa jambo zima, maana "carpere" hutazama pande zote mbili kwa wakati mmoja, na maana zake zote zilizozaliwa baadaye zimetoka katika kutazama huko kuwili.

Tuzifuate basi maana hizo. Upande wa kapu, mnyama alaye majani malishoni "carpit", na nyuki vilevile. Horatius alijifananisha na nyuki akusanyaye kidogo kidogo kwa taabu nyingi. Wasichana wa Virgilius wakaao usiku wakivuta sufu kwa vidole wazitie katika uzi, wao pia kazi yao ni "carpere". Mtu apataye usingizi auchuma usingizi, na avutaye pumzi achuma hewa ya uzima. Hata msafiri "carpit viam", yaani aitwaa njia hatua kwa hatua, kama atwaaye jani baada ya jani. Kiswahili hakisemi kuchuma njia. Kinasema kushika njia, au kukata mbuga, au kuchanja mbuga, maana msafiri wetu huiona nchi kuwa nyasi ndefu za kupasuliwa, lakini Mrumi, mwenye barabara za mawe, aliihesabu hatua moja moja.

Upande wa shina, mambo huwa machungu. Moto wa siri ndani ya moyo wa malkia Dido, katika utenzi wa Virgilius, hulisemewa kwa kitenzi hiki: mtu achumwa na moto mpaka akaisha. Kiswahili hapa hutumia "kula", maana moto hula, na huzuni hula. Tena, mtu asemwaye vibaya na wenzake "carpitur". Cicero alilitia pamoja na jino, jino la msengenyaji linyofoalo sifa ya mtu. Hapa Kiswahili kina ndugu wa karibu sana. "Kuchambua" ni kutenga uchafu na mbegu katika pamba, kama Warumi walivyofanya kwa sufu. Na "kuchambua" ni pia kutoa kasoro za maneno ya mtu au za kitabu. Lugha mbili zisizojuana zilikwenda toka nyuzi mpaka hukumu kwa njia moja. Lakini mwisho wa safari ni tofauti: kwa Mrumi uchambuzi huo uligeuka masingizio, na kwa Mswahili uligeuka elimu, hata leo "uchambuzi" ni kazi ya heshima katika vyuo vyetu.

Maana moja yataka kuangaliwa kwa makini na watu wa Songea. Ni maana ya vita. Caesar, akisimulia vita vya Warumi wenyewe kwa wenyewe, aeleza jinsi wapanda farasi wake walivyotumwa "carpere" mkia wa jeshi la adui: si kupigana uso kwa uso, bali kumega wachache wachache wa nyuma na kuwachelewesha wengine. Kiswahili chaweza kuileza habari hii kwa methali tu: bandu bandu huisha gogo. Ndivyo vita vilivyokuwa Ungoni. Wangoni, waliozoea kupigana kwa majeshi makubwa, walishindwa karibu na Namabengo mwezi wa Oktoba 1905 mbele ya bunduki za Kapteni Nigmann. Baada ya hapo walijigawa katika vikosi vidogo, wakashambulia na kutoweka. Wajerumani nao waligeuka. Hawakuwachuma watu tu, bali walilishambulia shina lenyewe: vijiji vilichomwa, akiba ya chakula ikatwaliwa au kuteketezwa, na mashamba hayakulimwa. Tarehe 27 Februari 1906, katika mji wa Songea, Nkosi Mputa Gama na wakuu wengine zaidi ya sitini walinyongwa. Baadhi yao walibatizwa kabla ya kufa, na maneno ya ubatizo wa Kanisa Katoliki wakati ule yalikuwa ya Kilatini. Nduna Songea Mbano, ambaye mji wachukua jina lake, alinyongwa pia. Chabruma wa Mshope alivuka mto Ruvuma, akafa ugenini. Kisha ikaja njaa, nayo iliua watu wengi kuliko risasi. Kwa habari kama hizi "kuchuma" hakitoshi. Lugha yataka kitenzi cha shina, na kilichopo ni "kunyonyoa" au "kung'oa".

Sasa tuje kwenye matumizi yaliyokipatia kitenzi hiki sifa duniani. Horatius, katika kitabu cha kwanza cha tungo zake, utungo wa 11, amwamuru mwanamke aitwaye Leuconoe aache kupiga ramli juu ya mwisho wake, na aitendee siku ya leo lile tendo la "carpere". Wafasiri wa lugha nyingi huandika "ishike siku", kana kwamba siku ni mwizi akimbiaye. Haya si maneno ya Horatius. Siku kwake ni tunda lililoiva, nalo lina saa yake: likichumwa mapema ni chungu, likiachwa limeoza. Kiswahili hakina haja ya "kushika" hapa. "Ichume siku" ni sahihi kwa neno na kwa picha.

Hata hivyo pana tatizo, na yafaa lisemwe waziwazi. Mswahili asikiaye "ichume siku" hasikii furaha kwanza, asikia faida. Kamusi ya Johnson ya 1939, kama kamusi nyingine kabla na baada yake, yakipa "chuma" maana mbili: kutwaa tunda au ua, na kupata faida, kutajirika. Kutoka hapo tuna "chumo", pato la mtu, na "uchumi", ambalo tangu uhuru, na hasa tangu Azimio la Arusha la 1967 kutangaza kwamba njia kuu za uchumi ziwe mali ya umma, limekuwa neno la serikali, la magazeti na la vitabu vya shule. Wahenga nao walikwisha kusema: mchumia juani hulia kivulini. Methali hii na utungo wa Horatius zatumia tunda lilelile na kusema kinyume. Mrumi asema: chuma na ule sasa, maana kesho huijui. Mswahili asema: chuma sasa uvumilie jua, nawe utakula kesho kivulini. Mmoja atilia shaka kesho, mwingine aitegemea.

Ni nani kati yao amesema kweli? Jibu lategemea nchi. Methali yetu ni ya mtu ambaye kivuli chake kitamngoja. Watu wa Ungoni wa 1904 waliochuma na kuweka ghalani hawakula kivulini mwaka 1906, maana ghala zilikuwa majivu. Ndiyo kusema kwamba methali si ahadi ya maumbile. Ni ahadi ya jamii iliyo na amani, na jamii ikivunjwa, ahadi nayo huvunjika. Wahenga walilijua hilo pia, maana walitunga ya pili: mchuma janga hula na wa kwao. Kapu huliwa na ukoo mzima, liwe na tunda au liwe na msiba.

Historia ya Songea baada ya vita yaweza kusomwa kama juhudi ya kurudisha kivuli kile. Kodi ilihitaji fedha, na fedha hazikuwapo karibu. Maelfu ya vijana walikwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko, wakaitwa manamba. Lugha hapa yatoa ushahidi wake: mkonge hauchumwi, hukatwa. Mtu alikwenda kukata mali ya mwingine kwa kisu, akalipwa kwa hesabu ya matita. Nyumbani, mambo yalikuwa mengine. Katika milima ya Umatengo kahawa ilianza kupandwa katika miaka ya 1920, na tumbaku ikaenea Ungoni. Mwaka 1936 chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, kilichojulikana kwa jina la NGOMAT, kilianzishwa ili wakulima wauze pamoja. Kahawa huchumwa, na tumbaku huchumwa, jani moja moja kuanzia chini ya mche kadiri yaivavyo. Basi toka "kukata" hadi "kuchuma" ni toka kibarua hadi mwenye shamba, na kitenzi kimetunza kumbukumbu ya tofauti hiyo vizuri kuliko hati nyingi.

Tena mchuma kahawa hodari hutufundisha kuwatazama shina na kapu pamoja, kama "carpere" kifanyavyo. Hutwaa buni nyekundu tu, akaziacha za kijani ziive, akarudi tena na tena katika mti uleule. Apururaye tawi zima hupata kapu zito siku ile, lakini hutia mbichi pamoja na mbivu, na huliumiza tawi litakalozaa mwakani. Yeye amechuma kwa kapu lake, na amepurura kwa mti. Hapo ndipo neno "uchumi" linapohitaji kukumbushwa ukoo wake. Likisemwa katika ofisi, husikika kama hesabu tupu. Lakini ndani yake bado mna mkono, na ndani ya mkono mna uchaguzi wa kipi kitwaliwe leo na kipi kiachwe.

Limebaki tumizi moja, nalo lawahusu waandishi wa historia wenyewe. Sallustius, mwanzoni mwa kitabu chake juu ya njama za Catilina, asema kwamba ataandika mambo ya watu wa Roma "carptim", yaani kwa kuchuma yale aliyoyaona yastahili kukumbukwa. Kila mwandishi wa historia hufanya hivyo, akubali asikubali. Habari za Ungoni zilichumwa kwanza na maafisa wa Kijerumani, kisha na mapadri wa Peramiho, kama Padri Elzear Ebner, aliyewaandikia Wangoni sarufi na historia yao. Mwaka 1968 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kuwauliza wazee wa kusini habari za Maji Maji kwa vinywa vyao wenyewe, wakachuma matunda ambayo mikono ya kwanza iliyaacha mtini, wakati yakiwa karibu kuanguka. Kazi hiyo ilifanywa kwa wakati wake, maana mzee aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1905 alikuwa na 78 mwaka ule.

Kwa hiyo, kwa faida ya watungao kamusi na wafasirio vitabu vya kale, napendekeza kwamba "carpere" kisipewe tafsiri moja. Penye tunda, ua, siku na usingizi, kiandikwe "kuchuma". Penye sufu na penye maneno ya watu, "kuchambua". Penye njia, "kushika" au "kukata". Penye moto na huzuni, "kula". Penye jeshi, "kumega kidogo kidogo". Na chini ya maana hizo zote iwekwe alama ya kumkumbusha mtafuta neno aulize kwanza: je, mwandishi alitazama kapu, au alitazama shina? Kiswahili chamlazimisha mfasiri kujibu swali hilo kabla hajaandika neno. Kilatini chamruhusu kunyamaza.